Aliye Juu, Mngoje Chini

Wahenga walisema, "Aliye juu mngoje chini." Kwa kawaida methali hii hutamkwa kwa uchungu. Huisema mnyonge anapomtazama mwenye cheo aliyevimba kichwa, akajituliza kwamba dunia ni mzunguko na kwamba siku moja aliyepanda atashuka. Lakini katika kumbi za mazoezi za Marekani wako wasichana ambao kwao maneno hayo si kijembe, bali ni amri ya kazi. Watatu au wanne husimama chini, mmoja hurushwa juu. Wale wa chini hawana budi kumngoja, macho yao yakimfuata na mikono yao ikiwa tayari, kwani wasipomngoja ataangukia shingo.

Hao ndio washangiliaji wa mashindano. Jina lenyewe laweza kumpotosha msomaji, kwa maana washangiliaji wa Marekani ni wa namna nyingi. Wako wale wa timu za kulipwa, kama wale wa Dallas Cowboys waliovuma tangu miaka ya 1970, ambao hucheza dansi kando ya uwanja. Wako wa shule na vyuo, ambao huipa moyo timu yao ya mpira. Wako pia hawa wa tatu, ambao hawamshangilii mtu yeyote, maana wao wenyewe ndio wachezaji. Hupanda jukwaani kwa muda wa dakika mbili na nusu tu. Katika muda huo hupiga samasoti, hujenga minara ya watu, hurushana hewani na kucheza dansi, huku waamuzi wakiandika alama. Wengi wao ni watoto wa shule, na wadogo kabisa hawajafika hata umri wa miaka sita.

Katika miaka ya karibuni mchezo huu umezaa jambo jingine ambalo linastahili kufikiriwa na kila mzazi, awe wa huko au wa kwingineko. Umezaa watoto mashuhuri. Wamarekani wamebuni hata neno maalumu la kuwaita, neno linalounganisha ushangiliaji na umashuhuri. Ni watoto ambao sura zao zajulikana na maelfu ya wenzao wasiopata kukutana nao, na ambao hupangiwa foleni ili wapigwe nao picha kama vile ni waimbaji wakubwa. Swali la makala haya ni hili: umashuhuri huo humjenga mtoto, au humla?

ASILI YA MCHEZO

Tarehe 2 Novemba 1898, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mwanafunzi aitwaye Johnny Campbell alijitokeza mbele ya umati uliokuja kutazama mpira wa Kimarekani, akauongoza kupaza sauti kwa pamoja ili kuipa moyo timu yao iliyokuwa imeshindwa michezo kadhaa. Tangu siku hiyo kazi ya kuongoza kelele za umati ikawa na cheo chake, na kwa muda mrefu cheo hicho kilikuwa cha wanaume. Kilihesabiwa kuwa dalili ya uongozi.

Askari watapendezwa kusikia kwamba Dwight Eisenhower, aliyekuja kuwa Jemadari Mkuu wa majeshi ya muungano huko Ulaya katika Vita Vikuu vya Pili na kisha Rais wa Marekani kuanzia 1953 hadi 1961, alikuwa mshangiliaji. Alipokuwa mwanafunzi wa chuo cha kijeshi cha West Point alicheza mpira hadi alipoumia goti mwaka 1912. Kwa kuwa hakuweza tena kucheza, alisimama kando ya uwanja akawaongoza wengine kuishangilia timu. Hakuona kwamba ameshushwa hadhi. Aliona kwamba timu ingali inamhitaji.

Wanawake walianza kuingia katika kazi hii katika miaka ya 1920. Vita Vikuu vya Pili vilipowachukua vijana wa kiume kwenda jeshini, nafasi zilizobaki wazi zilijazwa na wasichana, na vita vilipokwisha hawakuziacha. Mwaka 1948 Lawrence Herkimer, mtu wa Texas, aliunda chama cha kitaifa cha washangiliaji na kufungua kambi ya kwanza ya mafunzo. Waliohudhuria walikuwa wasichana 52 na mvulana mmoja. Herkimer alikuwa mwalimu, lakini pia alikuwa mfanyabiashara hodari: aliuza sare na vishada vya rangi vinavyotikiswa mikononi, na mwaka 1971 akapata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake wa vishada hivyo. Alifariki mwaka 2015.

Mwaka 1974 Jeff Webb, aliyekuwa amefanya kazi chini ya Herkimer, alianzisha kampuni yake mwenyewe. Webb alitaka mchezo uwe na sarakasi zaidi, miruko mirefu zaidi na minara mirefu zaidi. Katika miaka ya 1980 mashindano yalikuwa yakionyeshwa katika televisheni. Hapo ndipo zikachipuka kumbi za binafsi, zisizo za shule yoyote, ambamo mtoto yeyote ambaye wazazi wake waweza kulipa ada aweza kufundishwa. Mwaka 2003 likaundwa shirikisho la kusimamia timu za kumbi hizo, na mwaka 2004 yakafanyika mashindano yao ya kwanza ya dunia huko Orlando, Florida. Mwaka 2021 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitambua rasmi shirikisho la dunia la mchezo huu.

UKUMBI NI KAMA KIJIJI

Anayepita nje ya ukumbi wa namna hii huona jengo lililofanana na ghala. Ndani hamna madirisha mengi wala mapambo. Lililopo ni zulia pana la buluu lililowekewa springi chini yake, magodoro yaliyorundikwa, na ukuta uliojaa bendera za ushindi. Upande mmoja huwapo viti vya wazazi nyuma ya kioo. Kila ukumbi una timu nyingi, zikigawanywa kwa umri na kwa ngazi ya ustadi. Ngazi ya kwanza ni ya watoto wanaojifunza kubingirika, na zile za juu ni za vijana wanaopinduka hewani huku wakijizungusha mara mbili kabla ya kutua. Ukumbi wa Cheer Athletics wa Plano, Texas, ulioanzishwa mwaka 1994, huzipa timu zake majina ya wanyama: chui, duma, paka mwitu. Mtoto wa huko akiulizwa yeye ni nani, aweza kulitaja jina la timu kabla hajataja jina la shule.

Mazoezi huwa jioni mbili tatu kwa wiki, na mashindano huwa mwisho wa wiki, kuanzia majira ya baridi hadi majira ya kuchipua. Katika mashindano hayo timu hutafuta mwaliko wa kwenda Orlando. Mialiko ni ya aina tatu. Upo unaolipiwa gharama zote, upo unaolipiwa sehemu tu ya gharama, na upo wa kupewa ruhusa tu, ambapo wazazi hujitegemea. Kwa hiyo siku ya kutangazwa matokeo kina mama hushikana mikono kwa namna mbili: wanamwombea mtoto ushindi, na wanaombea mfuko wa nyumba.

Gharama zenyewe si za mchezo. Ipo ada ya ukumbi ya kila mwezi, zipo sare, viatu, utepe mkubwa wa kufunga nywele, ada ya kushiriki, nauli za ndege, na malazi katika hoteli ambazo mara nyingi huchaguliwa na waandaji wenyewe. Jumla yake kwa mwaka mmoja hufika maelfu ya dola kwa mtoto mmoja. Familia zenye kipato cha kawaida huuza keki na tikiti za bahati nasibu ili kujaziliza. Wako akina mama wanaofanya usafi katika ukumbi ili wapunguziwe ada. Ni vema kulijua jambo hili kabla ya kuwacheka wazazi hao kwa kupenda sifa. Walioweka mbegu nyingi namna hiyo katika shamba moja ni vigumu kuambiwa wasiangalie mavuno.

NYOTA WA MIAKA KUMI NA MITATU

Zamani mshangiliaji hodari alijulikana katika mji wake, na labda katika jimbo lake. Simu yenye kamera ilivunja mpaka huo. Mzazi aliyeketi nyuma ya kioo alimpiga picha binti yake akiruka, akaipeleka katika mitandao, na kabla ya usiku kwisha watoto wa majimbo ya mbali walikuwa wameitazama mara kumi kumi. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 ulianza kuonyeshwa YouTube mfululizo wa vipindi vilivyofuata maisha ya timu moja ya California. Mmoja wa waliovuma kwa vipindi hivyo ni Gabi Butler, aliyezaliwa mwaka 1998. Watoto walijifunza jina lake, mtindo wa nywele zake na namna anavyonyoosha mguu hadi ukagusa sikio.

Miaka michache baadaye alijiunga na chuo kidogo cha Navarro katika mji wa Corsicana, Texas. Mnamo Januari 2020 kampuni ya Netflix ilitoa mfululizo wa Cheer kuhusu timu ya chuo hicho na mwalimu wao, Monica Aldama. Dunia nzima ikatazama. Wafuasi wa Gabi Butler katika mitandao walipita milioni moja. Katika mfululizo huo watazamaji waliwaona pia wazazi wake wakishughulikia mikataba na biashara ya jina la binti yao, na wengi walibishana kama hilo ni malezi au ni ajira. Mbishano huo haujaisha, na huenda usiishe, maana majibu yote mawili yana ukweli ndani yake.

Lakini msichana mmoja aliyefika huko juu hufuatwa na maelfu wasiofika. Hao ndio wanaohitaji kuangaliwa zaidi. Katika kila ukumbi yumo binti wa miaka kumi na mitatu mwenye wafuasi elfu chache. Makampuni ya nguo humletea sare za bure ili azivae akiwa anapigwa picha. Kumbi nyingine humwalika kama mgeni wa heshima, na watoto wadogo hulipa ili wafunzwe naye saa moja. Tepe za nywele hutengenezwa na kuuzwa kwa jina lake. Akihama ukumbi mmoja kwenda mwingine, habari hizo husambaa kama habari za mchezaji wa mpira aliyeuzwa, na wageni wasiomjua humtukana kwa usaliti.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Lakini yafaa kuulizwa: ikiwa mgema ni mtoto, na wanaomsifu ni maelfu ya watu wazima, lawama ya maji ni ya nani? Mtoto wa umri huo bado hajajijua. Anapojaribu kujitambua hujitazama katika macho ya wengine, kama vile mtu anavyojitazama katika maji ya mtungi. Zamani macho hayo yalikuwa ya mama, baba, mwalimu na jirani, watu waliomjua hata alipokuwa na homa. Sasa ni macho ya umati ambao haumjui ila kwa mruko mmoja. Siku mruko ukiharibika, umati huona kwamba mtu mzima ameharibika, naye mtoto aweza kuamini hivyo.

KIDEVU CHA MBEBAJI

Iko dosari nyingine ambayo haionekani mpaka mtu autazame mnara kwa makini. Anayesimama juu ni mmoja, kwa kawaida msichana mwepesi. Uso wake huelekea mbele, hutabasamu, na mwanga humwangukia. Walio chini yake, wanaoshika nyayo zake, huwa wametazama juu ili wasimpoteze. Kwa hiyo kamera huona videvu vyao tu. Yuko na mmoja nyuma, anayeshika vifundo vya miguu na ambaye ndiye wa kwanza kukinga kichwa cha aliye juu akianguka. Huyo haonekani kabisa.

Sheria za mchezo hazimjui nyota. Alama hutolewa kwa timu nzima, na mmoja akianguka, alama hupunguzwa kwa wote. Ni kama gwaride: askari mmoja akikosea hatua, kombania nzima huonekana imekosea, na hakuna jemadari atakayemsifu mtu mmoja kwa kwata nzuri huku wenzake wakiyumba. Lakini mtandao haujui kombania. Unamjua anayeonekana. Basi hutokea kwamba mchezo unaofundisha umoja kuliko michezo mingi huzungukwa na soko linalolipa mtu mmoja mmoja. Mbebaji huumia bega kwa ajili ya mruko ambao jina lake halitatajwa, na mrukaji naye hubebeshwa sifa ambazo nusu yake, kwa haki, ni za walio chini yake. Wote wawili hupata hasara, mmoja kwa kupungukiwa na mwingine kwa kuzidishiwa.

NANI HUVUNA?

Panapokuwa na umati pana soko. Kampuni ya Webb, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Varsity, ilikua kwa kununua washindani wake mmoja mmoja hata ikawa inaendesha kambi, inauza sare, na inaandaa sehemu kubwa ya mashindano makubwa. Mwaka 2018 ilinunuliwa na kampuni ya uwekezaji ya Bain Capital, na mwaka 2024 ikanunuliwa na nyingine iitwayo KKR. Wenye kumbi, na baadaye wazazi, walifungua kesi mahakamani wakidai kwamba kampuni imehodhi soko na kuwapandishia gharama. Kampuni ilikanusha. Kesi hizo zilimalizwa kwa mapatano, moja ya dola milioni 43.5 iliyotangazwa mwaka 2023 na nyingine ya dola milioni 82.5 mwaka 2024, bila kampuni kukiri kosa.

Hesabu hizo zinafundisha jambo. Watoto walipokuwa wakigombea tepe na wafuasi, watu wazima walikuwa wakigombea mamilioni. Nyota mdogo anayevaa sare mpya mbele ya kamera huwafanya wenzake elfu waitamani, na wazazi elfu wafungue mifuko. Yeye mwenyewe kwa kawaida hubaki na sare tu.

Tamaa ya wazazi nayo ina historia yake. Mwaka 1991, katika mji wa Channelview, Texas, mama mmoja alikamatwa kwa kula njama ya kutaka kuuliwa kwa mama wa msichana aliyekuwa akishindana na binti yake kwa nafasi ya ushangiliaji shuleni. Aliyemfichua ni ndugu wa aliyekuwa mume wake, ambaye alikwenda polisi na kukubali kurekodi mazungumzo yao. Hakuna aliyeuawa, kwa sababu mtu mmoja aliona ni bora kuvunja siri ya jamaa kuliko kunyamaza. Kisa hicho ni cha nadra, na si haki kuwapima wazazi wote kwacho. Hata hivyo kinaonyesha mwisho wa njia ambayo mwanzo wake ni mama kusema, "Sisi tumeshinda," badala ya, "Mtoto wangu ameshinda."

MWILI NA MLANGO

Umashuhuri hudai picha mpya kila siku, na picha mpya hudai mruko mgumu zaidi. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilitoa tamko kuhusu hatari za mchezo huu. Kilieleza kwamba majeraha ya kawaida si mengi kuliko ya michezo mingine, lakini kwa muda wa miaka zaidi ya 25 karibu theluthi mbili ya majeraha mabaya kabisa, yale ya kichwa na uti wa mgongo, yaliyowapata wasichana wanamichezo wa shule za sekondari, yalitokana na ushangiliaji. Kilitaka walimu wawe na mafunzo, sakafu ziwe laini, na kila mahali pawe na mpango wa dharura.

Mnamo Machi 2006 mshangiliaji mmoja wa chuo kikuu cha kusini mwa Illinois alianguka kutoka juu ya mnara katika mchezo wa mpira wa kikapu, akavunjika mfupa wa shingo. Alipokuwa akitolewa nje juu ya machela, amefungwa asitikise kichwa, bendi ilipiga wimbo wa timu, naye akaanza kufuata wimbo kwa mikono yake. Ukumbi mzima ulimshangilia, na Rais Bush alimpigia simu. Baadaye alieleza kwamba hakutaka wenzake na timu yao wafadhaike kwa ajili yake. Ushujaa wake hauna shaka, na kila askari ataufahamu. Lakini mzazi anayeitazama picha hiyo huona jambo la pili: binti aliyezoea kuwatuliza watazamaji hata pale ambapo yeye ndiye alistahili kutulizwa. Baada ya tukio hilo kanuni za minara na kurushana katika michezo ya vyuo zilikazwa.

Hatari nyingine haiingii kwa kuanguka. Huingia kwa mlango ulioachwa wazi. Mtoto anayefuatwa na maelfu ya watu wasiojulikana hufuatwa na wema na wabaya, na mtu mashuhuri katika mchezo huaminiwa haraka na watoto kwa sababu tu wamemwona mara nyingi. Mmoja wa vijana waliopendwa zaidi katika mfululizo wa Cheer alikamatwa mwaka 2020, akakiri makosa ya kuwadhulumu watoto kijinsia, na mwaka 2022 mahakama ya Chicago ilimhukumu kifungo cha miaka 12. Mwaka 2020 huohuo gazeti la USA Today lilichunguza likakuta kwamba watu kadhaa waliowahi kuhukumiwa kwa makosa ya namna hiyo hawakuwa katika orodha ya waliopigwa marufuku na wasimamizi wa mchezo. Polisi wanajua vema somo hili: mhalifu wa namna hiyo mara nyingi si mgeni wa usiku, bali ni yule ambaye mlango ulifunguliwa kwa furaha alipobisha.

YALIYO MEMA

Ingekuwa dhuluma kusema hayo na kunyamaza. Mchezo huu umewatoa watoto wengi katika upweke. Umewafundisha wasichana kuwa nguvu si aibu, na wavulana kuwa kumwinua mwenzako ni kazi ya kiume. Katika timu ya Navarro walikuwamo vijana waliokulia katika umaskini na katika nyumba zilizovunjika, nao walipata humo watu wa kuwangoja chini.

Katika chuo hicho timu huwa na vijana wapatao 40, lakini wanaoruhusiwa kupanda jukwaani katika mashindano ya taifa huko Daytona Beach ni 20 tu. Wale wengine, ambao wamefanya mazoezi yaleyale na kuumia vilevile, husimama kando ya zulia. Nao hawasimami kimya. Tangu wenzao waanzapo mazoezi ya mwisho hadi wamalizapo, hupaza sauti, wakimtaja kila mmoja kwa jina, wakimkumbusha hatua inayofuata, wakimwambia ainue mabega, avute pumzi, asiogope. Mtazamaji asiyejua atadhani ni makelele. Kwa hakika huo ndio ushangiliaji wenyewe, ule wa Johnny Campbell na wa Eisenhower mwenye goti bovu. Umebaki hai pale pembeni, mahali ambapo kamera hupita haraka.

YA NYUMBANI

Mambo haya ni ya Marekani, lakini simu hazina mpaka. Picha za watoto hao hufika katika kila nyumba yenye simu, na nyumba za askari na polisi zimo. Si ajabu kuwaona wasichana nyuma ya mabweni ya kambi wakimwinua mwenzao mabegani, huku mmoja akishika simu. Kuwafukuza kwa fimbo hakutasaidia, kwa kuwa watakwenda mahali pasipo mtu mzima. Kuwaacha nako ni hatari. Mzazi afanye nini?

Kwanza, atazame chini kabla ya kutazama juu. Watoto wa Orlando huanguka juu ya springi na sponji, na bado huumia. Sakafu ya saruji na uwanja wa changarawe havina huruma. Pasipo magodoro wala mwalimu aliyefunzwa, mtoto asirushwe hewani wala asipandishwe juu ya mabega ya mwenzake. Wacheze dansi, wabingirike kwenye majani, wajifunze gwaride. Hayo yana uzuri wake. Akianguka mtu na kulalamikia shingo, asiinuliwe wala asigeuzwe. Atulizwe palepale hadi mganga afike.

Pili, simu iwe na mwenyewe mtu mzima. Si lazima kila picha ya mtoto itoke nje ya nyumba. Picha ikitolewa, isionyeshe jina la shule, wala mahali familia inapokaa, na kwa familia ya askari jambo hili lina uzito maradufu. Mtu mzima asiyejulikana anayemwandikia mtoto kumsifu asijibiwe na mtoto. Ajibiwe na baba au mama, au asijibiwe kabisa. Akiendelea, apelekwe mbele ya polisi.

Tatu, na hili ndilo gumu kuliko yote, mzazi apime maneno yake mwenyewe. Mtoto arudipo kutoka kwenye mashindano, yawe ya sarakasi, ya kwaya, ya netiboli au ya ngoma za shule, asiulizwe kwanza kama ameshinda, wala kama amepigwa picha. Aulizwe nani alikuwa pembeni yake, na nani alimshika. Mtoto mwenye majina ya kujibu swali hilo atakuwa amepata kitu ambacho mitandao haiwezi kumpa wala kumnyang'anya. Yule asiye na jina hata moja la kulitaja, japo ana wafuasi elfu kumi, anahitaji mzazi wake aketi naye jioni hiyohiyo, simu zikiwa zimezimwa.